Revue za Baba, Juani

Baba alinyamaza siku mto Mulongwe ulipoingia nyumbani kwake. Hakuanguka, hakushikwa na homa. Alinyamaza tu. Tulimleta kwangu, mtaa wa Nyamianda, kwa pikipiki, akakaa kwenye kiti karibu na mlango, akawa anatazama ukuta. Ukimpa ugali anakula. Ukimsalimu anaitika kwa kichwa. Mwalimu wa historia mzima, mtu aliyezoea kupiga kelele mpaka mwisho wa barabara wanamsikia, jamani! Niliogopa kwamba sitaisikia tena ile sauti, na nilimwambia hivyo mama mdogo, dada yake marehemu mama, aliyekuja kunisaidia kumtunza.

Nyumbani kwake tuliokoa sufuria chache na maboksi ya revue. Ni jarida moja la Kifaransa la akiolojia, la watu wanaochimba ardhini kutafuta walivyoishi wa zamani. Lilianza kuchapwa Baba hajazaliwa, na mpaka leo linatoka. Namba za kale aliachiwa na padri mmoja aliyerudi kwao. Mpya zilimfikia kupitia Bujumbura, mkono kwa mkono. Alizipanga mwaka kwa mwaka, na ole wako uchomoe moja uirudishe pasipo pake. Sasa zilikuwa zimelowa chapachapa, zimevimba, zinanuka matope.

"Tuzianike," akasema mama mdogo. Yeye kazi yake ni kuanika ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa letu, tangu ujana wake. "Kitu yenye iko na maji, minye niko najua ya kuifanya."

Basi tukaenda ufukweni asubuhi, pale wanawake wenzake wanapoanikia. Nyuzi za revue zilikuwa zimeoza, karatasi zikaachana zenyewe. Tulitandika nyavu kuukuu mchangani, tukaweka ukurasa kando ya ukurasa, kila mmoja na kajiwe kake juu, mpaka ufuko wote ukawa mweupe.

Jua lilipopanda, karatasi zikaanza kutoa sauti ndogo ndogo, kama mtu anayetembea juu ya majani makavu. Ziwa lilikuwa limetulia kabisa. Ng'ambo, Bujumbura ilionekana, ikapotea ndani ya mvuke, ikaonekana tena. Mimi nilipiga magoti na kugeuza kurasa, nikitazama picha. Vipande vya vyungu. Mafiga matatu yaliyopoa kabla ya babu wa babu yangu. Shanga. Kisha mchoro wa mtu aliyelazwa ubavu kaburini, magoti yamekunjwa, mkono mmoja chini ya shavu, na nikajikuta namwambia polepole, lala tu, bado mapema. Nilihisi wale wa zamani wote wametoka kuota jua pamoja nasi, wamekaa kati ya ndagala na beseni, wanatusikiliza tunavyoongea. Sijui nilikaa pale muda gani. Nilikuwa na raha ambayo sikuwa nayo tangu mafuriko.

Sasa, ndagala waliokauka kwanza wanakusanywa kwanza. Hakuna anayewauliza wametoka wavu gani. Mama mdogo na wenzake hawajui njia nyingine, na walipoona karatasi imekauka huku, nyingine kule, wakapita na mabeseni yao wanazoa, wanaimba. Nilipoinua kichwa, mama weee! Miaka yote ya Baba ilikuwa imelala ndani ya mabeseni, kichwa cha huyu na mkia wa yule.

"Si imekauka?" mama mdogo akaniuliza, amejaa furaha.

Tulizibeba kichwani hadi nyumbani, nikaziweka mbele ya kiti cha Baba, roho mkononi. Akaangalia. Akachukua karatasi moja, akaigeuza. Akachukua iliyoifuata. Akainusa.

"Nani?" akasema.

Nikadhani nimeota.

"Nani amevuruga revue zangu? Hii iko ya mbele minye nizaliwe, na hii iko ya juzi! Muko na akili kweli? Na inanuka ndagala! Weye, mutoto wa mwalimu, ulikuwa wapi?"

Mama mdogo akakimbilia jikoni. Mimi nikakaa chini palepale nikalia. Baba akafikiri nalia kwa haya, akazidisha ukali. "Acha kulia! Leta mukeka!" Nikatandika mkeka, akashuka kwenye kiti, akaanza kupanga, akigomba kwa kila ukurasa: akili ya kuku, kazi ya wazembe, watu wasioheshimu kitu. Nami najibu, ndiyo Baba, ndiyo Baba, machozi yananitiririka, sijawahi kumpenda hivyo.

Jioni alianza kuchoka, maneno yakapungua, akaanza kutazama tena upande wa ukuta. Hapo nikachukua ukurasa wa juzi, nikauchomeka katikati ya mwaka wa kale kuliko yote, makusudi, mbele ya macho yake.