Mama Mizani Apanda Ndege

Kwa miaka kumi na tisa abiria walimwita Mama Mizani, naye hakukasirika, maana jina lilimkaa. Kiwanja cha ndege alichofanyia kazi kilikuwa chumba kimoja tu, na mizani kubwa ya chuma mlangoni. Ndege yenyewe ilikuwa ndogo, ya watu kumi na wawili, hivyo kila kitu kilipimwa: begi, ndoo, na mwenye begi.

"Panda baba, usivute pumzi, haipunguzi kitu," alikuwa akiwaambia.

Wakimuuliza kiwanja cha pili, kule ng'ambo ya milima, kiko umbali gani, alijibu bila kuinua kichwa: "Kilomita mia mbili na sitini kwa njia ya anga. Dakika hamsini na tano." Kwa basi ni siku mbili, kwa sababu barabara inazunguka milima yote kama mtu anayemkwepa mkwewe. Aliyajua hayo kama jina lake, ingawa hakuwahi kupanda ndege hata mara moja. Ukimuuliza, hana nafasi. Ukweli ni kwamba aliogopa.

Kisha bintiye, aliyeolewa ng'ambo ya milima, akajifungua mtoto wa kwanza. Akapiga simu.

"Nitakuja kwa basi, mwanangu," mama akamwambia.

"Siku mbili, mama? Utamkuta ameota meno."

Asubuhi ya safari, mpakia mizigo, mtani wake wa miaka mingi, alimngoja kwenye mizani, kalamu sikioni. Mama Mizani akapanda. Mpakia akainama, akatazama namba, akakohoa, akaandika kimyakimya.

"Mbona husomi kwa sauti?"

"Dada yangu, bado nataka kukaribishwa chakula kwako."

Abiria wakaangua kicheko, naye akacheka mpaka woga ukapungua. Haukuisha. Ndege ilipoinuka alifumba macho na kung'ang'ania mkono wa jirani yake, mwalimu mstaafu, abiria wa siku nyingi asiyemjua hata jina. Alipofumbua, milima ilikuwa chini yake, na ile barabara ya siku mbili imejikunja kama uzi uliodondoka. Hapo akasahau kuogopa, akaanza kutazama saa.

Dakika hamsini na tano zikafika. Chini bado ni milima. Sitini. Sitini na tano.

"Mama," mwalimu akauliza kwa upole, "hizi hamsini na tano zako huwa unazihesabu kwa saa gani?"

Rubani akamsikia. "Leo upepo unatupiga usoni," akasema. "Umbali haubadiliki, mama, lakini upepo una mambo yake."

Magurudumu yaligusa ardhi dakika ya sabini na mbili. Miaka kumi na tisa, akawaza, nimewaahidi watu kitu nisichokijua, tena kwa kujiamini. Akasimama mlangoni mwa ndege kuwaomba radhi mmoja mmoja.

"Sisi tumekusamehe zamani," mwalimu akamwambia, akisugua vidole vilivyobanwa. "Nenda kamwone mjukuu."

Bintiye alikuwa kwenye uzio, mtoto mikononi, mumewe kando yake. Mkwe akampokea begi. Mama Mizani akampokea mtoto, aliyefumbua jicho moja, akamtazama bibi yake, akalala tena. Njiani kuelekea nyumbani bibi akampima kwa mikono, akasema, "Kilo tatu," kisha akaongeza haraka, "au karibu na hapo."