Sentensi Niliyoiongeza kwenye Habari za Washington

Siku yangu ya kwanza kazini katika redio ya London, Mkuu wa Idhaa ya Kiswahili alinipa karatasi tatu na dakika arubaini. Zilikuwa habari za Washington, zimetoka sasa hivi kwenye teleprinta, ile mashine iliyokuwa ikichapa habari yenyewe kutwa kucha. Nilitakiwa nizitie Kiswahili, nizipeleke kwa mhariri wa zamu, kisha niingie studio nizisome. Nilikuwa na koti la kuazima na Kiingereza cha skuli. Karatasi ya kwanza ilisema chama cha wachache katika Seneti kimezuia mswada kwa kuhutubia. Nikadhani nimesoma vibaya.

"Kwa kuhutubia tu, bwana?" nikamuuliza.

Mkuu alikuwa Mwingereza aliyewahi kuwa bwana shauri, yaani mkuu wa wilaya wa kikoloni, huko bara, na Kiswahili chake kilinyooka kama shati lililopigwa pasi. "Kwa kuhutubia tu, Bwana Hamadi. Seneta akisimama hakatizwi. Husema mpaka wenzake wachoke na mswada ufe."

Kumbukeni nilikuwa natoka wapi. Nilikuwa nimeondoka Unguja baada ya Mapinduzi. Kabla yake, kwetu vyama viligombana mpaka jamaa wakasusiana maduka na hata mazishi, na mwisho wake mnaujua. Sasa niko London, nasoma habari za watu wanaotukanana mpaka mishipa ya shingo inawatoka, kisha wanakwenda kula mchana katika mkahawa mmoja. Niliwaonea wivu. Sioni haya kusema.

Miaka ikapita, habari za Marekani zikawa zangu. Nilizijua mbinu za upinzani wao kuliko njia ya kwenda kwangu. Wapo waliotoka ukumbini makusudi ili akidi isitimie, yaani idadi ya wajumbe inayotakiwa ili kikao kiwe halali. Wapo waliopachika marekebisho juu ya marekebisho mpaka mwenye mswada akaukana mwenyewe. Mtu aliyeteuliwa na Rais waliweza kumweka kwenye kamati miezi na miezi, hapigiwi kura ya ndiyo wala ya hapana. Rais naye alikuwa na kura yake ya turufu, ya kuukataa mswada uliokwisha kupita. Nikinogewa, mhariri wa zamu, mtu wa Mombasa, alinirudisha kwenye mstari. "Usipambe, ndugu yangu. Soma kilichoandikwa."

Nyumbani sikuandika barua. Siku zile barua ya mkimbizi iliweza kuwatia watu mashakani. Mama yangu alijua kwamba mimi ni mzima kwa redio tu. Dada yangu Zuwena aliwahi kuniletea habari kwa mkono wa msafiri: kila jioni mama huenda kwa jirani mwenye redio, na nikisema "Hamjambo wasikilizaji," hujibu kwa sauti, "Hatujambo, mwanangu, sema." Habari zenyewe hazimshughulishi. Husikiliza sauti yangu tu, ajue kama nina mafua.

Basi siku moja ikaja habari ya seneta wa upinzani, mzee wa makamo ya baba yangu, aliyehutubia tangu asubuhi mpaka jioni kuupinga mswada wa Rais. Mwisho sauti ilimkauka, akaketi, mswada ukapita. Nilifika mwisho wa karatasi, na taa nyekundu bado inawaka, maana yake kipaza sauti ki wazi. Nikaongeza sentensi yangu: "Na baada ya hapo seneta huyo alikwenda nyumbani kwake, na hakuna aliyekuja kumgongea mlango."

Nyuma ya kioo nilimwona mhariri ameshika kichwa.

Kesho yake ubalozi mmoja, uliojiona umesemwa, ulikuwa umekwisha kupiga simu kulalamika. Mkuu wa Idhaa akaniita, wala hakupaza sauti.

"Ulichosema ni kweli?"

"Kweli, bwana."

"Kilikuwa kwenye karatasi?"

"Hakikuwa."

"Basi utakaa chumba cha tafsiri mpaka nikuite. Kipaza sauti hutakigusa."

Nikawa natafsiri na wenzangu wanasoma. Nilimsihi mhariri anipenyezee jina langu hewani, jina tu. "Hamadi, na mimi watanifukuza," akasema. "Nina watoto." Sikumlaumu. Ningeweza kutafuta msafiri wa kumpelekea Zuwena ujumbe, lakini nilijiambia ni wiki mbili tatu, nitarudi. Na kuna jingine: Waunguja wenzangu wa hapa London walikuwa wakinishika mkono barabarani kwa ile sentensi, nami nikalewa sifa. Wiki zikawa miezi saba.

Siku niliyorudishwa studio nilisoma ugomvi mwingine wa Washington, neno kwa neno. Mwezi uliofuata barua ya Zuwena ikanifikia kwa mkono wa msafiri.

"Kaka, ulipopotea hewani, mama alikwenda kwa jirani kila siku mpaka mwezi wa tatu. Kisha akasema, mwanangu amekufa, watu wananificha. Akaita watu, akakusomea hitma, wali akaupika kwa mkono wake. Homa ikamshika, na siku za mwisho tulimkuta anacheka peke yake. Akasema haogopi, anakuja kukuona. Tulimzika wiki tatu kabla ya kuisikia sauti yako."

Niliendelea na kazi mpaka nikastaafu. Waliniaga kwa keki na saa ya ukutani, na Mkuu wa wakati huo, kijana, akanisifu kwamba katika maisha yangu yote sikuongeza neno. Hakuna aliyemwambia.

Sasa nakaa Ilford, pembeni mwa London, na mjukuu wangu Sabra, anayesomea siasa chuo kikuu. Tunatazama pamoja wale wale wa Washington; juzi wamegombania bajeti mpaka ofisi za serikali zikafungwa. Nilimhadithia habari hii, naye macho yakamwaka.

"Lakini Babu, ulikuwa *brave*! Ilikuwa kweli. Si ungeisema tena?"

Najua jibu alilolitaka, na nyinyi vijana wa kazi hii ya redio labda mnalitaka hilo hilo. Nikamwambia hapana, mjukuu wangu. Ningeisoma karatasi ile kama ilivyo, nikaaga wasikilizaji, na mama akarudi kwake akalala akijua nipo.