"Login failed" kila asubuhi kwa agrovet ya auntie, Mutua karibu apoteze kazi

Sopa wakuu. Mnanijua kwa uongo wa vichekesho, lakini hii ilitendeka na nilikuwepo.

Niko Form Three. Likizo nilikaa Kitengela kwa auntie yangu. Ako na agrovet: dawa za ng'ombe, chakula ya kuku, na harufu ya dip, dawa ya kuua kupe, inayokufuata mpaka kanisani.

Mauzo yote inakaa kwa database, kwa computer ya stoo tunayoita server. Kaunta kuna computer ingine, ya Mutua, cashier.

Fundi mmoja akakuja kusafisha server, akaona log, ile rekodi ya wanaoingia, imejaa "login failed" za kila siku. Akasema kuna mtu anajaribu password, akaenda zake.

Wakuu, auntie akianza kushuku, hata paka ya nyumba inatafuta wakili. Mutua ndiye hufungua duka, kwa hivyo ni yeye. Akaambiwa mwisho Jumamosi.

Mutua ni mtu wa Machakos, mpole, msichana wake ndio ameanza shule. Hakubishana. Aliniambia tu, "Hiyo password hata siijui, kijana. Program hujiingiza yenyewe. Nani ataniamini?"

Mimi hucheka hata matangani. Hapo nikaenda stoo.

Nikafungua log. Failed zote zilitoka computer ya kaunta, kwa jina la program yenyewe, na zilirundikana pale tu server inawaka. Kisha moja inaingia, kimya siku nzima. Mwizi gani anajaribu asubuhi tu halafu anaenda kunywa chai?

Kesho yake nikaenda kufungua na Mutua (auntie hakuamini nimeamka).

Sasa, sheria ya auntie ni hii: jioni zima main switch, token ya stima isiishe. Friji ya chanjo pekee iko na laini yake. Asubuhi ukirudisha, zote zinawaka pamoja.

Computer ya kaunta ni mpya, inaamka mbio. Server ni mzee, na kwa sababu jioni ilikatiwa stima ghafla, database inajikagua kwanza. Kaunta inabisha hodi, inakataliwa, inabisha tena. Kila kukataliwa log inaandika login failed.

Nikaita auntie. Nikazima zote vizuri, nikawasha server pekee, tukangoja database ifunguke, ndio nikawasha kaunta. Hakuna failed. Halafu nikafanya vile sheria inasema. Zikajaa.

Auntie akauliza, "Kwa hivyo ni switch yangu?"

"Ni yako, auntie." Nilikuwa nimeshasogea karibu na mlango.

Akamgeukia Mutua. "Mutua, Jumatatu unakuja saa ngapi?"

"Saa ile ya kawaida, mama."

Sorry ya auntie haikutoka. Mutua alienda nyuma ya magunia, akakaa huko kitambo, na hakuna mtu alimwita.

Nilichojifunza: kabla uulize ni nani, uliza ni saa ngapi.

Wenye mnajua, kuna njia ya kufanya program ya kaunta ingoje database? Tukaneni pia, nimezoea.