Kilti Inakaa Kitovuni

Mchumba wa binti yangu ni Mskoti. Aliniletea hapa Tumba, Uswidi, kilti ya marehemu baba yake, ile sketi ya miraba wanayovaa wanaume wa kwao, aivae siku ya harusi. Ilimfikia chini ya magoti, akaomba niikate chini. Mimi nimewashonea magauni watu wengi wa kanisani, lakini ushonaji nilijifunzia sebuleni kwa jirani, sikuusomea. Niliuogopa mkasi.

Kwanza niliigeuza nje ndani. Mbele ni bapa, vipande viwili vinapandana. Marinda yote yako nyuma, yameshonwa toka kiunoni hadi kwenye makalio, halafu yameachiwa. Kila rinda limekunjwa ili miraba ya kitambaa iendelee, kana kwamba hakuna kilichokunjwa. Chini hakuna pindo. Ni ukingo wa kitambaa ulivyotoka kiwandani. Ukishaukata, haurudi.

"Mwache hivyo hivyo," mume wangu alisema, chai mkononi. "Kanisani mwanamume afunike magoti."

"Baba, jamani! Kwani unaivaa wewe?" binti yetu alimjibu kwa Kiswidi.

Nilimtazama tena kijana. Alikuwa ameifunga chini ya tumbo, pale anapofunga jinzi. Ule mshono wa marinda ulimwishia mapajani.

"Mwanangu, ipandishe hadi kitovuni."

Binti akatafsiri. Kijana akacheka. "Mama, huko wanafunga wazee."

"Si ni ya mzee? Pandisha."

Ilipopanda, marinda yakamshika makalio vizuri, na chini ikaishia kwenye nusu ya goti. Kiunoni ililegea kidogo, maana baba yake alikuwa mnene kumzidi. Nikasogeza bizimu za mikanda yake ya ubavuni, basi.

"Na akikalia kiti cha bwana harusi, mbele ya mchungaji?" mume wangu aliuliza.

Lazima niseme ukweli, hilo sikuwa nimelifikiria. Tukamkalisha. Marinda yakajikunja vibaya chini yake, mbele ikapanda, binti akafunika uso.

"Mfundishe mnavyokaa nyinyi na sketi zenu," mume wangu akasema.

Nikamwonyesha: pitisha mkono nyuma, laza marinda, ndipo ukae, mbele shindilia katikati ya magoti.

"Tena," mume wangu akamwamuru, na kijana akasimama akarudia, safari hii vizuri.

Fundi wa kweli wa huko kwao akiziona bizimu zangu, sijui atasema nini. Lakini kitambaa cha mzee kiko kizima.