Mapanga Uani kwa Bernadeta

Bernadeta Shimba alihamia Mkolani na mfuko mmoja wa nguo, na kwa miaka mitatu hakuufungua wote. Niliuona nyuma ya mlango wake, umefungwa kamba, tayari kwa safari. Nilimpa kazi ya kuchambua dagaa kwa sababu mikono yake ilikuwa na kasi, si kwa huruma. Nilimtajia ujira mdogo nikitegemea abishane. Akakubali. Mtu asiyebishania bei ananitia wasiwasi, nikamuuliza ametoka wapi.

Aliniambia mara moja tu. Kwao Magu, mume wake alipofariki, ng'ombe wawili walikufa wiki ileile. Macho yake yalikuwa mekundu kwa miaka arobaini ya moshi wa kuni, na hiyo ikatosha kumwita mchawi. Ikaja barua chini ya mlango, haina jina: ondoka. Hakuondoka. Alfajiri moja wakaja watu kimya kimya na mapanga. Alitoroka kupitia dirisha la nyuma.

Kanisani alikuwa anakuja, anakaa benchi la mwisho. Lakini jumuiya yetu husali nyumba kwa nyumba kila Jumamosi asubuhi, na kila zamu yake ilipofika alisema anaumwa. Mara nne anaumwa.

"Huyu mama anaficha nini mle ndani?" akauliza Odeta, jirani yake, mbele ya wanajumuiya. "Na macho yale!"

"Macho yale ni ya moshi," nikamkatiza. "Ya kwako ni mekundu kwa umbea, mbona hatukuhoji?"

Wakacheka, lakini si wote. Wawili walitazamana. Nilijua maneno ya Magu yameshafika Mkolani.

Mwenyekiti wetu, Mwalimu Byabato, ni Mhaya aliyestaafu ualimu, mwenye moyo mzuri na haraka nyingi. Siku moja mimi nikiwa sokoni, wakakubaliana wamfyekee Bernadeta majani uani, tendo la huruma, kisha wasali kwake. Wasimwambie, asije akakataa.

Jumamosi iliyofuata nilichelewa. Nilipokata kona niliona watu kumi na wawili wameizunguka nyumba, mapanga mkononi, kimya, maana Mwalimu aliwaambia wasimshtue. Ndani meza ilikuwa inaburutwa kuja mlangoni.

"Wekeni mapanga chini! Yapelekeni barabarani, yote!"

"Mama Winnie, tumekuja kufyeka tu," alisema Mwalimu.

"Anajua mmekuja kufyeka. Hajui mnafyeka nini."

Nikawaeleza habari ya Magu kwa maneno machache. Odeta akaziba mdomo kwa khanga. Mapanga yakaondoka, waliokuwa nyuma ya nyumba nikawaita mbele, nami nikakaa kizingitini.

"Shikamoo, mama. Ni mimi, Mama Winnie."

Dirisha la nyuma likalia bawaba. Akitoka pale hatutamwona tena, na mtaa mzima utasema amekimbia kwa kuwa ni mchawi kweli.

"Huko nyuma nimewaondoa," nikasema. "Ukitaka kwenda, nenda, hakuna atakayekugusa. Ukitaka kubaki, sema sharti lako."

Kisha sauti ikatoka karibu kabisa na mlango.

"Wale wa Magu hawakutaja majina. Hawa wataje."

Wakataja, mmoja mmoja, jina na alikozaliwa. Mwalimu Byabato alitaja mpaka jina la babu yake, kana kwamba yuko polisi. Odeta alikwama.

"Odeta Mihayo, wa Misungwi," alisema mwishowe. "Ni mimi niliyeyasema macho yako, mama. Nisamehe."

Meza ikaburutwa tena. Mlango ukafunguka nusu.

"Ingieni," alisema Bernadeta. "Viti ni viwili."

Tuliketi sakafuni. Baada ya somo, kila mtu huomba kwa sauti. Zamu ya Bernadeta ilipofika Mwalimu alikohoa, naye akageuka kumtazama.

"Naombea Luhende, mtoto wa shemeji yangu," alisema. "Alfajiri ile ya mapanga nilimtambua kwa kikohozi. Bado yuko Magu, na anajua niliko. Mwezi uliopita alipita sokoni akanitazama. Mungu amsamehe kwanza. Mimi nipewe muda."

Mwalimu aliinamia kitabu chake kama mtu aliyepotewa na ukurasa. Odeta ndiye aliyeanza: "Ee Bwana..."

"...twakuomba utusikie," tukaitikia sote, na Bernadeta pamoja nasi.