Doa Jekundu Juu ya Ngitili

Kazi yangu ni kutazama ardhi kutoka juu. Nikiwa ofisini Mwanza, nafungua picha za setilaiti za bonde la mto unaoingia ziwani, nalinganisha za wiki hii na za wiki zilizopita. Palipokuwa kijani pakigeuka kahawia, napaka nyekundu: pameharibiwa, mvua ikija udongo wote utaishia ziwani. Nilikuwa najisifu kwa kazi hiyo, wacha niseme ukweli.

Kiangazi cha mwaka juzi niliona kipande cha kijani kando ya kijito, upande wa Magu, kikipungua hadi nusu ndani ya wiki mbili. Nikasema, ehee, hawa wamevamia! Nikapaka nyekundu, nikaandika "malisho haramu", nikampelekea mkuu wangu. Akaisifia ramani mbele ya wenzangu. Haikupita wiki, amri ikashuka kijijini: ng'ombe marufuku kuingia pale, na mgambo akawekwa kwenye lango la uzio.

Kumbe ile ilikuwa ngitili. Sisi Wasukuma tunafunga kipande cha malisho masika yote, mnyama asitie mguu, ili kiangazi kikikaza kifunguliwe kwa ndama, maksai wa kulimia na ng'ombe waliodhoofu. Nyasi zinapungua, ndiyo, zimetunzwa ili ziliwe! Mizizi inabaki, mvua ikinyesha zinarudi. Na mimi nimekulia humo. Nilichapwa nikiwa na miaka minane kwa kuacha mbuzi apenye uzio. Nilisahau vipi, Mungu wangu? Kwenye kompyuta hapakuwa na jina la mtu, palikuwa na namba tu. Simu moja kijijini ingetosha, na sikupiga.

Tena ilikuwa ya mjomba wangu, kaka yake mama, aliyeuza fahali wake ili mimi nisome chuo. Nilijua mama aliponipigia. "Mjomba wako ng'ombe wanamwishia," alisema. "Mgambo kamfungia ngitili. Nenda ukamwone."

Asubuhi nilipanda basi stendi ya Buzuruga. Nikamkuta zizini na jirani yake, wamemshika ng'ombe mkia wanamwinua. Ng'ombe akasimama, miguu ikatetemeka, akaanguka tena. Maksai wote wanne walikuwa wameshakufa. Hatua chache kutoka pale, nyuma ya uzio, nusu ya nyasi ilikuwa bado imesimama na hakuna wa kuila.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja wakati mbaya, hata maziwa ya kukupa sina."

Nikamwambia palepale kwamba ramani iliyoleta amri ile niliichora mimi. Nilitamani anitukane. Alifuta mikono kwenye suruali, akaomba aione. Nikamwonyesha kwenye simu, akaitazama sana.

"Ng'ombe wanaonekana humu?"

"Hawaonekani, mjomba. Nukta moja ya picha ni mita kumi kwa kumi. Ng'ombe ni mdogo mno."

"Na lango? Tulilifungua wenyewe, mchana, wazee wote wakiwepo."

"Nalo halionekani."

"Basi ungekuja ukaniuliza," alisema, akarudi kumshika yule ng'ombe mkia. Nikavua viatu nikamsaidia. Kabla ya jua kuzama ng'ombe naye alikufa, na nililia kama mtoto, sioni aibu kusema.

Niliporudi kazini niliandika barua ya kusahihisha. Mkuu wangu aliisoma, akasema tusubiri tathmini. Hadi leo tunasubiri. Mvua zilikuja, mjomba hana maksai wa kuvuta plau, analima kwa jembe la mkono kipande kisichomtosha, na umri umeshakwenda.

Ngitili bado imefungwa. Hakuna anayeigusa, na kwenye ramani ya mwaka huu ni kijani kweli kweli. Mkuu ameitundika kwenye chumba cha mikutano. Juzi walikuja wageni, akaweka kidole pale pale, akaniita niwaeleze tulivyofanikiwa.

Nikasimama, nikaeleza kama alivyotaka.