Kilemba cha Bibi

Jamani, leo nimemdanganya bibi wa mchumba wangu.

Asubuhi nilijipaka rangi ya kahawia kwenye nywele hapa nyumbani, Kimandolu. Nilikuwa nachelewa, sikusuuza vizuri.

Mimi na mchumba wangu tukafika Momela kwao, nikatambulishwa kwa bibi. Nikasema shikamoo na kuinamisha kichwa aniguse utosini, ndiyo desturi yao.

Kiganja chake kikatoka na rangi.

Bibi macho yake hayaoni vizuri. "Mjukuu wangu, unatoka damu!"

Si ningesema tu ni rangi? Nikajibu, "Nilijigonga mlangoni, bibi."

Akavua kilemba chake cheupe cha kanisani, akanifunga kichwa, akaniombea mpaka machozi yakamtoka.

Nimekifua mara nne, kahawia haitoki.

Na sasa hivi amepiga simu, anauliza kidonda kinaendeleaje.

Nichekeni tu. Ila namwambiaje?